Jinsi ya kuwasikiliza Kraftwerk wa mwanzo kabisa (1970 mpaka 1975): fuata ngoma

Watu wengi wakisikia Kraftwerk, ile bendi ya Ujerumani ya muziki wa elektroniki, wanawaona wale jamaa wanne wa 1978, mashati mekundu, tai nyeusi, nywele zimechanwa zikalala, wamejipanga mstari kama wako kwenye gwaride na muziki wote unatoka kwenye mitambo. Sasa mtu akishawapenda hao anapata hamu ya kujua walianzia wapi, anatafuta albamu ya kwanza ya 1970, anabonyeza, na kinachomjia ni filimbi. Filimbi ya kupuliza kwa mdomo kabisa, na nyuma yake kuna mtu anapiga dramu za kawaida kwa nguvu zake zote, alafu baada ya muda inakuja miungurumo isiyo na kichwa wala miguu. Wengi wanazima hapo hapo wakidhani wamekosea bendi. Mi nilizima mara mbili, miaka tofauti, na mara ya tatu ndo nikaona pa kuingilia, na hapo ndo nataka nikuoneshe, kwasababu miaka hii ya mwanzo naipenda kuliko yote iliyofuata.

Pa kuingilia ni hapa: usisikilize ukitafuta mashine, sikiliza ngoma. Kila albamu jiulize swali moja tu, nani anapiga mdundo na anaupigia nini, mengine yaache yapite kwanza. Maana ukifuatilia vizuri utaona 1970 mpaka 1975 ni habari ya watu wawili wasiotulia na mpiga ngoma yeyote, wanampata huyu anaondoka, wanampata yule anaondoka, mpaka wanabaki wenyewe na kisanduku cha umeme kinachopiga midundo, na kisanduku ndo kinawageuza kuwa Kraftwerk unayoijua. Ukilishika hilo hutapotea tena.

Kabla hujabonyeza chochote wajue hao wawili. Ralf Hütter, kazaliwa 1946 Krefeld, yeye wa kinanda. Florian Schneider, kazaliwa 1947, yeye wa filimbi, na baba yake ni Paul Schneider-Esleben, yule msanifu majengo aliyechora uwanja wa ndege wa Köln/Bonn, kwaiyo Florian kakulia kwenye nyumba ya watu wa mistari iliyonyooka, na mi huwa naamini hilo linasikika. Walikutana mwishoni mwa miaka ya 60 wakisoma muziki, na makazi yao ya kazi yakawa Düsseldorf, mji wa viwanda pembeni ya mto Rhine. Pale jirani Köln redio ya WDR ilikuwa na studio ya muziki wa elektroniki tangu miaka ya 50, watunzi kina Stockhausen wakikata tepu za sauti na kuziunga upya. Alafu ujue hawa ni kizazi kilichozaliwa vita imeisha juzi tu, miji imebomolewa, na muziki wa vijana wote unatoka Marekani na Uingereza. Wenzao wengi Ujerumani waliiga bluzi na roki ya wengine. Hawa walitaka sauti ya pale walipo, na pale walipo kulikuwa na viwanda, reli, barabara na umeme. Hata jina ndo hilo, Kraftwerk ni kituo cha kuzalisha umeme, na ile W wanaitamka kama V.

Sasa maandalizi. Tumia hedifoni nzuri au spika za maana, spika ya simu itakunyima besi na itakunyima mchezo wa sauti kuhama kutoka sikio hili kwenda lile, na kwenye albamu hizi huo mchezo ni nusu ya utamu. Sikiliza upande mmoja wa santuri kwa kikao kimoja, yaani dakika kama 20 hivi, ukimaliza pumzika, usibugie albamu tatu usiku mmoja. Na usiache simu ikuchanganyie nyimbo, mpangilio una maana yake.

Kuhusu kuzipata, hapa panahitaji akili kidogo. Albamu tatu za kwanza, ile ya 1970, ya pili ya 1972 na Ralf und Florian ya 1973, bendi yenyewe iliziacha nyuma, hazijawahi kutolewa upya rasmi kwenye sidii, na lile boksi lao la mwaka 2009 lenye albamu nane linaanza na Autobahn ya 1974 kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Kwaiyo utakazokutana nazo kwenye intaneti nyingi zimenakiliwa kutoka santuri za zamani na ubora unatofautiana sana, moja ina mikwaruzo mpaka filimbi inazama, nyingine safi kabisa. Usiridhike na nakala ya kwanza unayoiona, sikiliza mbili tatu uchague. Na angalia urefu: Klingklang lazima iwe dakika 17 na nusu, Autobahn lazima iwe dakika 22 na sekunde 43, ukiona Autobahn ya dakika tatu na kitu hiyo ni singo iliyokatwa kwa ajili ya redio, nzuri ila sio safari yenyewe.

Anza na wimbo mmoja tu, Ruckzuck, ule wa kwanza kwenye albamu ya 1970, ile yenye koni ya barabarani ya rangi ya chungwa kwenye kava. Sikiliza Florian anavyoitumia filimbi. Haimbishi, haibembelezi, anaikata kata, pumzi fupi fupi zinazorudiwa na mwangwi, mpaka filimbi inakuwa ala ya kupiga. Yaani mdundo wa kwanza wa Kraftwerk haukutoka kwenye dramu, ulitoka mapafuni mwa mtu. Dramu zinakuja baadae, anapiga Andreas Hohmann, na katikati wanaharakisha mpaka unahisi treni inaacha reli, wanasimama, wanaanza tena. Rudia wimbo huu hata mara tano kabla hujaendelea, una haki hiyo.

Stratovarius na Megaherz sikiliza mara moja upite, kuna vipande vizuri vya kinanda ila ni vya watu wanaojaribu jaribu bado. Pa kutuliza akili ni wimbo wa mwisho, Vom Himmel hoch. Jina hilo, kutoka mbinguni juu, ni maneno ya kwanza ya wimbo wa Krismasi wa Martin Luther ambao kila mtoto wa Kijerumani anaujua, lakini unachosikia kikishuka kutoka juu sio malaika, ni sauti kama za mabomu yanadondoka na kulipuka. Kumbuka waliozaliwa 1946 na 1947 mabomu hawakuyasikia wenyewe, ila wazazi wao waliyasikia, na mji wao ulipigwa sana. Hakuna neno linaloimbwa, na mimi nikiusikiliza usiku huwa sisogei mpaka uishe. Mwishoni ngoma inaingia na kuukamata ule mvurugo wote, na anayepiga hapo sio Hohmann tena, ni Klaus Dinger. Hilo jina liweke kando tutalirudia.

Ukishamaliza albamu ya kwanza usikimbilie ya pili, angalia video kwanza. Kuna onyesho la mji wa Soest mwaka 1970 lililorekodiwa na WDR, Ralf, Florian na Dinger. Waangalie na vijana waliokuja pia, wengine wamechanganyikiwa hawajui kama hiki ni cha kucheza au cha kutazama. Alafu tafuta kipindi cha Beat-Club cha televisheni ya Bremen mwaka 1971, hapo utashtuka kidogo kwasababu Ralf hayupo! Aliondoka kwa miezi kadhaa akarudi kwenye masomo ya usanifu majengo, na Kraftwerk ikabaki Florian na filimbi yake, Dinger kwenye dramu na Michael Rother kwenye gitaa. Watatu hao wanapiga kitu kizito, kirefu, ngoma inasonga mbele tu haigeuki nyuma. Kraftwerk bila Hütter, na bado inatisha. Mtu akikwambia Kraftwerk hawakuwahi kuwa bendi ya roki mpe hii video aangalie akiwa peke yake.

Haikudumu. Dinger na Rother walitoka wakaanzisha yao, NEU!, na albamu yao ya kwanza ikatoka 1972, fungua na Hallogallo usikie ile ngoma ya Dinger ikiwa imepata nyumba yake, dakika kumi inakwenda kama mtu anayetembea bila kuchoka. Hii nakuomba uisikilize hata kama sio Kraftwerk, kwasababu bila hiyo hutaelewa Kraftwerk walipoteza nini. Walipoteza mpiga ngoma mmoja wa ajabu kabisa Ujerumani nzima. Ralf akarudi, wakajikuta wawili, na mbele yao kuna swali: tutafute mwingine tena?

Hawakutafuta. Na hapa ndo tunafika kwenye albamu ambayo mi nasema ndo kiini cha kila kitu, Kraftwerk 2, ile yenye koni ya kijani. Waliirekodi mwaka 1971, ikatoka Januari 1972, wawili tu na fundi wao wa kurekodi Conny Plank. Plank huyu ni mtu wa kumheshimu, alikuwepo tangu kabla hawajaitwa Kraftwerk na alikaa nao mpaka Autobahn, na huyo huyo ndo aliyewarekodi NEU!. Kwenye albamu hii hakuna sinthesaiza, yaani kile chombo kinachounda sauti kwa umeme, hata moja. Kuna gitaa, besi, fidla, filimbi, kinanda na tepu. Na kwa mdundo walitumia kile kisanduku cha midundo cha kwenye vinanda vya umeme, kile kilichotengenezwa ili mzee mmoja sebuleni apige rumba au foksitroti bila kuhitaji wenzake.

Weka Klingklang. Mwanzo ni vyuma na kengele zinagongana, usiwe na haraka, baada ya dakika chache kisanduku kinaanza. Ni kadogo, kakavu, hakana nguvu ya Dinger hata robo. Lakini sikiliza wanachokifanya, wanauchezea mwendo wa tepu, mdundo unapungua kasi unakuwa mzito, alafu unaongezeka tena, na filimbi na besi zinaelea juu yake. Mpiga ngoma binadamu huwezi kumvuta na kumfupisha namna hiyo kama ulimbo. Mi nadhani hapo ndo kitu kiliwaingia kichwani, kwamba mashine sio mbadala wa mtu aliyeondoka, mashine ni mwanabendi mpya mwenye tabia zake. Sina ushahidi wa kilichokuwa moyoni mwao, naongea kwa masikio yangu, ila studio yao pale Düsseldorf karibu na stesheni kuu ya reli wakaiita Kling Klang na jina hilo wakakaa nalo miaka na miaka, kwaiyo wimbo huu haukuwa kitu kidogo kwao.

Upande wa pili wa albamu hiyo ni mgumu, sikudanganyi. Wellenlänge na Strom ni watu wawili na magitaa wakipima sauti polepole sana. Lakini rudi upande wa kwanza, baada ya Klingklang kuna kimoja kifupi kinaitwa Atem, yaani pumzi, hakifiki hata dakika tatu, na ni pumzi kweli, mtu anavuta na kutoa. Unganisha na filimbi ya Ruckzuck. Kifua cha mtu bado kipo ndani ya muziki, sio?

Ralf und Florian ya 1973 ndo rahisi kupendeka kuliko zote tatu, na kama una rafiki hana uvumilivu mwanzishie hapa. Kava ni picha yao nyeusi na nyeupe, Ralf na nywele ndefu na miwani, Florian kavaa suti na kwenye kola kabandika kijipambo cha noti ya muziki, ukiangalia unaona kabisa mmoja kashafika wanakokwenda na mwingine yuko njiani. Sasa sinthesaiza zimeingia, Ralf kanunua Minimoog, na kifaa hicho kilikuwa ghali mno enzi hizo, yeye mwenyewe amewahi kusimulia kuwa bei yake ilikaribiana na ya gari lake la Volkswagen. Weka Tanzmusik, muziki wa kucheza, kisanduku kinatikisa, piano inarukaruka, kuna makofi, kuna furaha tupu isiyo na maelezo. Heimatklänge ni ya jioni. Na Ananas Symphonie, dakika karibu 14, ina gitaa la Hawaii linateleza na sauti inayosema jina la wimbo kupitia vokoda, kifaa kinachoifanya sauti ya mtu isikike kama ya mashine, mtu kageuzwa mashine kwa mara ya kwanza, na neno lenyewe la kwanza walilochagua ni nanasi. Napenda sana hilo. Hakukuwa na roboti wa kutisha mwanzoni, kulikuwa na nanasi na mawimbi ya bahari.

Kabla ya Autobahn tafuta tena video, kipindi cha Aspekte cha televisheni ya ZDF mwaka 1973. Kuna kijana mpya wa tatu, Wolfgang Flür, na huyu alikuwa mpiga dramu wa kawaida kwenye bendi za mji huo. Angalia mikono yake. Mbele yake hakuna dramu, kuna ubao wenye vibamba vya chuma, na mkononi ana vifimbo vya chuma vilivyofungwa waya, akigusa kibamba mzunguko wa umeme unakamilika na sauti inatoka. Yaani kile kisanduku cha sebuleni wamekifungua wakakitoa matumbo ili mtu akipige kwa mkono. Nani hasa alibuni, maneno yalikuwa mengi baadae, Flür anasema lake, hataza ya Marekani ikatoka kwa majina ya Hütter na Schneider. Tuwaachie wenyewe. Kwetu wasikilizaji jambo ni moja, mtu na mashine wamekutana kwenye kifimbo.

Sasa ndo uweke Autobahn, Novemba 1974, upande wa kwanza mzima, na nakuomba usifanye kitu kingine wakati huo. Mlango wa gari unafungwa, injini inawaka, honi, alafu sauti ya vokoda inatamka jina. Fuata ngoma kama ulivyozoea: ile kasi isiyogeuka nyuma uliyoisikia kwa Dinger imerudi, ila sasa imetulia, imekuwa gari kwenye lami safi siku ya jua. Kuna gari zinapishana na wewe, zote zimetengenezwa kwa sinthesaiza, sikia zinavyotoka sikio moja na kuishia jingine. Katikati barabara inakuwa nzito na giza kidogo, usiruke, kisha inafunguka tena. Na sikiliza kwa makini utaikuta filimbi pia, bado iko. Na wanaimba Kijerumani! Kwa mara ya kwanza kuna maneno ya kuimbwa, aliyesaidia kuyaandika ni Emil Schult, ambaye ndo alichora na picha ya kava. Kijerumani chepesi cha mtu anayetaja anachokiona dirishani, mstari mweupe wa barabara na kijani pembeni. Singo yake iliyofupishwa ikafika namba 25 Marekani na namba 11 Uingereza mwaka 1975, albamu yenyewe namba 5 Marekani. Watu waliokuwa wanapiga mbele ya vijana wenye kuduwaa pale Soest miaka mitano nyuma.

Kwa ajili ya ziara ya Marekani mwaka huo wa 1975 wakamchukua Karl Bartos, mwanafunzi aliyesomea ala za kupiga kwa ajili ya okestra, mtu wa noti na nidhamu, akapewa vibamba na vifimbo kama Flür. Hesabu basi: bendi iliyoshindwa kukaa na mpiga ngoma sasa inao wawili kwa mpigo, wamesimama, na jukwaani hakuna dramu hata moja. Wanne hao ndo wale wa mashati mekundu uliowajua tangu mwanzo.

Kuna albamu moja nimeiruka makusudi, Tone Float, iliyotoka 1970 kabla ya zote, walipokuwa wanajiita Organisation na walikuwa watano. Wengi wanashauri uanze nayo kwasababu ndo ya kwanza kwa tarehe, mi nasema iache mwisho kabisa. Ni ngoma za mkono nyingi, kengele, wimbo mmoja wa dakika 20 na kitu unaojaza upande mzima, na ukiingia nao wa kwanza utawaona ni kundi la wakati ule kama mengine. Ukiurudia baada ya Klingklang na Autobahn utawasikia wawili wale wakihangaika ndani ya kundi wakitafuta nafasi.

Na usiishie kwenye upande wa kwanza wa Autobahn kama wanavyofanya wengi. Geuza. Kometenmelodie ziko mbili, zilizaliwa kutokana na ile nyota yenye mkia ya Kohoutek iliyozungumzwa sana 1973, ya kwanza nzito, ya pili inaruka angani. Mitternacht ni usiku wa manane, matone na milango. Alafu wa mwisho, Morgenspaziergang, matembezi ya asubuhi. Sinthesaiza zinalia kama ndege na kama maji yanayotiririka, na katikati yake filimbi inaingia taratibu, pumzi ya mtu. Mdundo hakuna kabisa. Ukiisha tu, usinyamazishe, weka Ruckzuck.